Mafuvu yenye majina na mifupa ya Harry

Watu wakisikia nimeenda Mütter Museum pale Philadelphia, swali la kwanza ni uliogopa? Hapana, sikuogopa, niliona huruma, tena huruma nzito ambayo sikuitegemea kabisa. Makumbusho yale ni ya chama cha madaktari wa mji huo, yalifunguliwa 1863 baada ya daktari mpasuaji Thomas Dent Mütter kutoa vielelezo vya viungo vya watu alivyokusanya pamoja na hela ya kuvitunza, ili madaktari waje wajifunzie, maana enzi hizo hakuna eksirei wala nini, ukitaka kujua uvimbe wa ndani ukoje inabidi uuone kwenye chupa.

Kuna ukuta umejaa mafuvu, 139, ya Josef Hyrtl, mwanaanatomia, yaani mtaalamu wa maumbile ya mwili, wa Vienna, yalinunuliwa 1874. Hyrtl alikuwa anapingana na wale waliodai kwamba ukipima kichwa cha mtu unajua akili yake na tabia yake, akakusanya mafuvu ya watu wa Ulaya kuonyesha kwamba hata humo humo vichwa vinatofautiana sana, hiyo hesabu haisimami. Hoja nzuri, na naipenda, ila kinachokushika ni maandishi yaliyopo kwenye mfupa wenyewe, jina, umri, kazi, alikufaje. Girolamo Zini, miaka 20, mtembea kwenye kamba, alivunjika shingo. Francisca Seycora, miaka 19, kahaba maarufu wa Vienna, homa ya uti wa mgongo. Miaka 20 jamani, kijana anapanda kwenye kamba ili apate kula! Wamo askari, wezi, watu waliojiua, na nikawa nawaza hivi nani aliulizwa, maana maskini akifa wakati ule mara nyingi hakukuwa na wa kuja kudai maiti.

Halafu kuna yule mwanamke wanayemwita wa sabuni. Mafuta ya mwili wake yaligeuka kitu kama nta au sabuni akiwa kaburini, akafukuliwa karne ya 19 akapelekwa pale, na amelala kwenye kioo mdomo wazi. Kwa muda mrefu ilisemekana alikufa kwa homa ya manjano miaka ya 1790, mpaka walipompiga eksirei miaka ya 1980 wakaona pini na vifungo vya nguo ambavyo havikutengenezwa kabla ya miaka ya 1830. Yaani hata hadithi yake ilikuwa ya kubandikwa. Jina hakuna. Mimi pale nilishindwa kukaa, naona bora azikwe tu, alishazikwa mara moja na watu wake na hakuna aliyewauliza.

Droo za daktari Chevalier Jackson nilizipitia harakaharaka, vitu zaidi ya 2,000 alivyovitoa kwenye koo na mapafu ya watu, pini, vifungo, sarafu, vipande vya mifupa, vimepangwa safi. Mwenye mtoto mdogo azitazame.

Nilipokaa sana ni kwa Harry Eastlack. Alikuwa na FOP, ugonjwa ambao misuli na kano zinageuka kuwa mfupa, na ukimpasua mgonjwa kuutoa huo mfupa ndio unaota mwingine zaidi, madaktari wake walijifunza hilo kwa mwili wake. Alifariki 1973 akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 40, na mwishoni alikuwa anaweza kusogeza midomo tu. Kwa kawaida mifupa ya mtu ikitenganishwa na nyama inaachana, inabidi uiunge kwa waya ndo isimame, lakini ya Harry imejishika yenyewe karibu yote, mgongoni kuna mapande ya mfupa yameshuka kama nta ya mshumaa iliyoganda, mkono haujui tena kujitenga na mbavu. Na huyu aliomba mwenyewe! Alisema mifupa yake ibaki kwa ajili ya utafiti. Pembeni yake yupo Carol Orzel, naye alikuwa na FOP, alifariki 2018, alishaiona mifupa ya Harry akiwa hai akataka yake iwekwe pale pale, kwa sharti kwamba vito vyake vya kujipamba viwekwe pia. Nilivitazama vile vito kuliko mifupa kwa kweli, unaona kabisa mtu aliyejua anataka kuonekana vipi.

Na hawakuomba bure. Mwaka 2006 watafiti wa University of Pennsylvania, mji huo huo, walipata jeni inayosababisha FOP, inaitwa ACVR1, na 2023 Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, sio ya kuponya, inapunguza tu kuota kwa mfupa mpya, na ni kwa wasichana kuanzia miaka 8 na wavulana kuanzia 10, kwa hiyo wale wadogo kabisa bado wanasubiri ya kwao.