Slabu za uani kwa vifuu na chupa: nilipofikia

Kundi la kwanza la slabu za njia ya uani limeshatoka kwenye kalibu, limelala kivulini chini ya magunia mabichi. Badala ya kokoto nimetia vifuu vya nazi, na katika kila sehemu tano za simiti, moja ni unga wa chupa. Mchanga bado ni wa mto.

Vifuu hapa Malindi havina bei. Wanaokuna nazi hushukuru ukiwaondolea. Kazi ni kuviandaa. Nakwangua nyuzi zote na nyama iliyobaki, maana sukari ya nazi huchelewesha simiti kushika. Kisha navivunja vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, naviloweka usiku kucha, na kuvianika mpaka uso tu ukauke. Kifuu kikavu hunywa maji ya zege. Slabu inatoka nyepesi, lakini nguvu yake pia ni pungufu: ni ya kukanyagwa na miguu, wala sitathubutu kuipeleka kwenye nguzo au lenta.

Chupa ndizo zinazonikosesha usingizi. Simiti inapoganda huacha chokaa ndani ya zege, na silika (madini yanayounda kioo) ya chupa iliyosagwa huungana na chokaa hiyo ikawa gundi zaidi. Sharti ni ulaini. Chenga zikibaki kubwa, alkali (kemikali kali) ya simiti huzishambulia taratibu, hutokea ute unaofyonza maji na kuvimba, na baadaye zege hupasuka. Basi natwanga kwenye kinu cha chuma, barakoa usoni na glavu mkononi, nachekecha kwa chekeche la unga, kisha kwa kitambaa chepesi. Kilichobaki juu kinarudi kinuni. Mikono inauma, lakini hapa ndipo mradi mzima uliposimama.

Jirani yangu mzee, fundi wa chokaa, alikuja kutazama. "Mwanangu, usiikimbize. Inyweshe maji." Kasema kweli. Gundi ya pili huja polepole, na pasipo unyevu haiji kabisa. Kuta za Gede, mji wa kale wa Waswahili ulio magofu sasa, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, nayo pia hutaka subira.

Kwa nini nihangaike hivi? Simiti huchomwa kwenye tanuri la nyuzi kama 1450, na jiwe la chokaa linalotengenezewa simiti lenyewe hutoa hewa ya ukaa likiungua, hata ukibadilisha kuni. Takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani hutoka huko. Kila kilo ninayoipunguza kwenye karai ina maana.

Siku ya 28 nitavunja slabu moja ya vifuu na moja ya kokoto, zote za unene mmoja, kwa kuzipakia mawe katikati mpaka zikatike. Kundi linalofuata nitajaribu majivu ya pumba za mpunga kutoka delta ya Tana, yaliyochomwa kwa moto usiozidi nyuzi 700, kwani moto mkali zaidi huifisha silika iliyomo, isiungane vyema na chokaa.