Vizibo vya Fanta

Mwanangu ana miaka minne na hajasema neno. Ana vizibo vya soda, sitini na kitu, Mangi wa dukani ndiye anayetuwekea. Huvipanga kwenye mshono wa mkeka, vya Sprite kwanza, halafu vya Fanta, vyote vimelala chali. Ukisogeza kimoja, Mbagala nzima itajua.

Zamani nikirudi kazini nilikuwa namsomesha. "Hii nini? Sema kizibo. Sema baba." Ananipa mgongo. Siku moja dada anayefanya tiba ya watoto wenye usonji alinikuta katikati ya somo, akacheka. "Baba, unamhoji kama polisi. Kaa chini, mfuate yeye."

Njia anayoitumia inaitwa Floortime. Waanzilishi ni Wamarekani wawili, Stanley Greenspan, daktari wa akili za watoto, na mwanasaikolojia Serena Wieder. Unakaa sakafuni dakika 20 au zaidi, mara kadhaa kwa siku, unaingia kwenye mchezo wa mtoto badala ya kumvuta kwenye wako. Ukifanya jambo naye akajibu, hata kwa jicho tu, mmefunga mzunguko mmoja. Mnatafuta wa pili. Mara kadhaa kwa siku, eti! Mimi nazipata mbili: alfajiri kabla ya daladala, na baada ya isha, magoti yakilia.

Wiki ya kwanza nilikuwa nampa vizibo tu, kimoja kimoja, kama saidia fundi. Alipokea bila kuniangalia.

Halafu jioni moja nikaweka kiganja mwisho wa mstari, pale kizibo kinachofuata kilipotakiwa kukaa. Vilivyokwisha kupangwa sikuvigusa. Niliwahi kuvivuruga, nikidhani ndio utani, akalia saa nzima. Safari hii kiganja tu. Akasita. Akaninyanyua kidole gumba, kikafuata cha shahada, taratibu mpaka cha mwisho, kisha akaniangalia usoni. Nikamwambia, "Pita!" Akaweka kizibo chake. Nikarudisha mkono. Nilihesabu mizunguko saba, ya nane ikanipotea.

Mama yangu alikuwa mlangoni. "Kwa hiyo hela yote ya tiba ni hii, kucheza vizibo?"

Ndiyo, mama. Ni hii.

Kusema bado. Ila juzi alinifuata mwenyewe na kizibo cha Fanta, akakichomeka kati ya vidole vya mguu wangu, akasubiri.