33,550,336: namba timilifu ya tano

Namba timilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, unaipata namba ile ile. Nne za kwanza ni 6, 28, 496 na 8,128: tarakimu moja, mbili, tatu, nne. Wa kale waliamini mwendo huo utaendelea. Ya tano, 33,550,336, ikarukia tarakimu nane.

Ukitaka vigawo vyake, igawanye kwa 2 mpaka isigawanyike tena. Utagawanya mara 12 na kubaki na 8,191, ambayo ni 2¹³ − 1. Kwa hiyo namba yetu ni 2¹² × 8,191, na sasa kazi yote ni moja: je, 8,191 ni namba tasa?

Kipeuo chake cha pili ni kama 90.5, hivyo ungelazimika kujaribu kila namba tasa hadi 89. Ipo njia fupi. Kwa kuwa kipeo 13 ni tasa, kigawo tasa chochote cha 2¹³ − 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 26. Chini ya 90 zipo 27, 53 na 79 tu, na 27 si tasa. 53 × 154 ni 8,162, baki 29. 79 × 103 ni 8,137, baki 54. Zote zimegoma, basi 8,191 ni tasa.

Vigawo sasa vinajipanga vyenyewe: 1, 2, 4 hadi 4,096 (vipo 13), kisha hivyo hivyo kila kimoja mara 8,191. Jumla 26. Kundi la kwanza lina jumla ya 8,191, la pili 8,191 × 8,191. Kwa pamoja ni 8,191 × 8,192, yaani 67,100,672. Toa namba yenyewe, inabaki 33,550,336.

Wengi hukosea kwa kudhani kipeo kikiwa tasa inatosha. Chukua 11: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Hao wawili wanaleta vigawo vya ziada, na 1,024 × 2,047 = 2,096,128 inakuwa na vigawo vyenye jumla ya 2,325,392 bila yenyewe. Imezidi. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kwamba kanuni hii, 2ᵖ⁻¹ × (2ᵖ − 1), inatoa namba timilifu pale 2ᵖ − 1 inapokuwa tasa. Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, akathibitisha kwamba hakuna namba timilifu shufwa iliyo nje yake.

Namba hii pia ni ya pembetatu: jumlisha 1 hadi 8,191 uipate. Ukiiandika kwa 1 na 0 pekee, ni 1 kumi na tatu zikifuatwa na 0 kumi na mbili. Lakini sifa ninayoipenda kuliko zote ni hii: 1³ + 3³ + 5³ hadi 127³ ni 33,550,336 kamili. Jumla ya vipeo vya tatu vya namba witiri n za kwanza ni n²(2n² − 1); weka n = 64, na 4,096 × 8,191 inajitokeza tena.