Futi inayocheza

Juzi binti yangu kaja mbio na futi mkononi, ile ya chuma ya kujikunja, mkono wa pili kashika nyundo. "Mama hii futi mbovu, huku mbele kunacheza, ngoja niigonge." Nilimpokonya ile nyundo fasta mpaka mwenyewe akashtuka, alinitazama kama vile nimemkuta anataka kumgonga paka. Sasa namwelezaje huyu mtoto kwamba kwenye ukoo wetu futi ilishagongwa, na aliyeigonga ni mama yake?

Nilikuwa na miaka 10, likizo, kwa mjomba. Mjomba ni seremala, na akiwa kazini anapiga mluzi wimbo ule ule mmoja kutwa nzima, mluzi ukikatika ujue kuna kitu hakijakaa sawa. Siku hiyo alitoka akaniachia karakana na masharti mawili tu: usishike msumeno, usishike randa. Futi hakuitaja.

Nikapima kila kitu. Benchi, mlango, mguu wangu, kivuli changu, mpaka nikaishiwa vitu. Ndo nikaona kile kikulabu cha mbele kinacheza, ukikivuta kinakuja kidogo, ukikisukuma kinarudi, ka, ka, ka, na nikaingiwa na huruma kwelikweli, mjomba wa watu anahangaika na kifaa kibovu na wala halalamiki. Nikaiweka juu ya kipande cha chuma nikazigonga zile ribiti mpaka kikatulia tuli. Nikairudisha pale pale na sikusema kitu, nilitaka agundue mwenyewe afurahi.

Aligundua.

Ilikuwa kama siku mbili baadaye, alikuwa anatengeneza kabati, mimi nimekaa juu ya maranda nayapenyeza kwenye vidole vya miguu. Mluzi ukakatika. Alikuwa kaingiza shelfu ya kwanza katikati ya zile mbao mbili za ubavuni na ilikuwa inapwaya. Akaitoa, akaigeuza, akairudisha, bado. Akachana karatasi kwenye daftari lake la oda akaipitisha kwenye ule upenyo, ikapita. Akaikunja mara moja, ikapita. Mara ya pili, ikapita. Ya tatu ikabana. (Miaka mingi baadaye nilikaa nikapiga hesabu: karatasi ya kawaida unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ikunje mara tatu unapata tabaka 8, yaani milimita moja kasoro kidogo. Huyu mzee alikuwa anapima kosa langu kwa karatasi na mimi niko pale pale namwangalia.)

Akaangalia msumeno. Akaangalia alama ya penseli. Halafu akaichukua futi, taratibu, akakisukuma kile kikulabu kwa kidole gumba. Hakikusogea. Akasukuma tena.

"Hii ilidondoka?"

"Sijui mjomba."

Hakuuliza zaidi. Akachukua bisibisi akaanza kuzilegeza zile ribiti, na huku anahangaika nazo akawa anaongea, sijui na mimi au na futi. Kwamba hicho kikulabu chenyewe kina unene, milimita moja hivi. Ukikinasa kwenye ukingo wa ubao ukavuta, kinatoka mbele sawasawa na unene wake, ili sifuri iwe upande wa ndani. Ukipima ndani ya boksi unakisukuma ukutani, kinarudi nyuma unene ule ule, ili sifuri iwe upande wa nje. Ndo maana matundu ya ribiti wameyatoboa marefu, sio duara. "Inacheza makusudi," akasema, akaivuta, ka, akaisukuma, ka, akanisogezea usoni nione. "Ikitulia ndo inadanganya."

Naomba nieleze nilichokisikia hapo maana ndo kisa chenyewe. Woga ulikuwepo, tumbo limebana, najua zile shelfu zote ni za kukata upya na ni mimi. Lakini chini ya ule woga kulikuwa na raha ya ajabu, yaani kitu ambacho nimekishika siku nzima nikakidharau kilikuwa na siri muda wote, na mtu fulani mahali fulani alikaa akalifikiria lile tundu. Nikaanza kutazama karakana nzima kwa macho ya wizi. Nikauliza, sauti inatetemeka, "Na penseli yako mbona bapa?" Akasema ya duara ingebingirika ikadondoka. Basi. Nikaiokota ile karatasi yenye mikunjo mitatu nikaandika humo yote mawili, futi na penseli, kwa penseli hiyo hiyo.

Tangu hapo sijaacha, madaftari sasa hivi ni mengi kuliko ninavyopenda kukiri. Kitundu cha chini ya kufuli, cha kutolea maji yakiingia na cha kutilia oili. Tundu kwenye kifuniko cha peni, ili mtoto akikimeza kikamkwama koo hewa ipate pa kupita. Ule mshale mdogo kwenye geji ya mafuta unaoonyesha mdomo wa tenki uko upande gani, wazo la James Moylan wa Ford aliyelowa mvua mwaka 1986 kwa sababu aliegesha gari kwenye pampu kwa upande usio wenyewe. Siku ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake, siku 243 za kwetu kujizungusha na 225 kulizunguka jua, hii ilininyima usingizi. Sita, saba na tisa tumechukua kwa Waarabu, nane ni yetu, na hata leo nikihesabu kwa sauti nikifika pale katikati natabasamu peke yangu kama chizi.

Na uongo umo pia, tena mwingi. Eti Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini. Eti tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, hiyo nilimwambia mpaka mwalimu. Nimezipigia mstari mwekundu lakini sijazifuta, sijui kwa nini, labda kwa sababu siku nazipata zilinipa raha ile ile kama za kweli, na hilo huwa linanisumbua kidogo.

Kwenye ile karatasi ya kwanza hamna mahali nimeandika nani aliigonga.

Kuna siku, nimeshakuwa mtu mzima, tumekutana ukoo mzima, mtu akatoa futi kupima meza na mimi, si ndo zangu, nikadakia kueleza habari ya kikulabu, kwa mbwembwe na mikono, watu wanaitikia "ahaa." Mjomba kakaa pembeni. Nikamaliza. Akakohoa.

"Na mtu akiigonga, inakuwaje?"

"Mbao zinakuwa fupi, mjomba."

"Fupi kiasi gani?"

"Milimita moja."

"Kumbe," akasema, akageukia upande wa pili, akaanza kupiga mluzi.