Mlango wa Maktaba Umefungwa Hadi Jumatano

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, nilifika kwenye maktaba ya mtaa wetu hapa Birmingham, Uingereza, nikisukuma kigari cha mtoto kwa mkono mmoja na kumshika kifungua mimba wangu kwa mkono wa pili, begani nimening'iniza mfuko wenye vitabu sita vya kurudisha. Mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo ilieleza kwamba siku za huduma zimepunguzwa, na kwamba tungekaribishwa Jumatano. Nilikasirika kiasi cha kujishangaa mwenyewe, kwa kuwa kule Dar es Salaam niliipita Maktaba Kuu ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed miaka minne mfululizo, nikiingia kudurusu wakati wa mitihani tu, na sikumbuki kuazima hata kitabu kimoja.

Hasira hiyo ina chimbuko lake. Binti yangu alipozaliwa mwaka jana, kaka yake alikuwa na miaka minne, na kukojoa kitandani alikuwa amekwishaacha kabla hajatimiza mitatu. Tulipotoka hospitali akaanza upya kila usiku, na mchana akawa anataka kulishwa kwa kijiko na kubebwa mgongoni. Huku muuguzi wa watoto hukuzuru nyumbani mtoto akiwa na siku kati ya kumi na kumi na nne, basi nikamweleza, nikitarajia dawa au walau barua ya kwenda kwa daktari. Akaniuliza tumemsomea mtoto vitabu gani kuhusu kupata mdogo.

Nilijiona nimetukanwa. Nina mshono wa upasuaji, sijalala siku kumi, shuka zinakaukia juu ya hita kwa kuwa nje hakuna jua, na mtu ananiletea habari za hadithi! Usiku nilimpigia simu mama, Tanga, nimlalamikie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani huko hamna watu?"

Wasomaji wa nyumbani hawahitaji kuelezwa alichomaanisha. Kwetu mzazi hukandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga hadi arobaini yake, na yule mkubwa hupelekwa kwa bibi, akalala ubavuni pa bibi, akaitwa kaka mkubwa mbele ya wageni, akarudi nyumbani akiwa amekwishakuzoea cheo chake kipya. Sisemi kwamba yote ni mema, maana watoto wa jirani wangemwita kikojozi mchana kutwa, na mjomba mmoja asingekosekana wa kuona kwamba dawa ni fimbo. Lakini watu wapo. Hapa tuko wawili, mimi na baba watoto, naye hufanya kazi zamu za usiku kwenye ghala la bidhaa.

Nilikwenda maktaba kwa shingo upande. Mkutubi alimwandikia mwanangu kadi yake mwenyewe bila kutoza hata peni moja, kisha akatupeleka kwenye rafu ya chini ambako vitabu vya picha vilikuwa vimepangwa kwa mambo yanayompata mtoto: kupata mdogo, kuanza shule, kuhama nyumba, kuogopa giza, kulazwa hospitali, wazazi kuachana, babu kufariki. Nilisimama pale muda mrefu. Mambo ambayo kwetu hugawanywa kati ya bibi, shangazi na mama wa jirani, hapa yamewekwa kwenye rafu yenye urefu wa hatua tatu.

Mwanangu alichagua kitabu cha dubu mdogo ambaye mama yake amejifungua, akakitaka kila usiku, hichohicho, mpaka nikakikariri. Yeye mwenyewe ukimuuliza kulikoni, alikuwa anainamisha kichwa. Usiku mmoja akaniuliza kama yule dubu hukojoa kitandani. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema, "Anakojoa, lakini anaona aibu kusema." Basi tukazungumza habari za dubu kwa wiki kadhaa, hatukumtaja mtu, na shuka za kufua zikapungua taratibu, leo kavu, kesho majimaji, hadi mwezi wa tatu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba yule muuguzi hakuwa ananipuuza. Mpango wa Bookstart, unaowapa watoto wachanga vitabu bure, ulianzia Birmingham hapa hapa mwaka 1992 kwa familia 300. Upo pia mpango uitwao Reading Well, ambao vitabu vyake huchaguliwa kwa msaada wa wataalamu wa afya, na orodha ya watoto wa miaka 7 hadi 11 ilitoka mwaka 2020. Jirani yangu Mkongo aliitumia orodha hiyo wakati mama yake alipofariki Bukavu na wao wakashindwa kwenda kuzika, kwa sababu binti yake wa miaka tisa alikuwa haachi kuuliza bibi amewekwa wapi.

Kinachoniuma ni lugha. Kwenye maktaba yetu kuna vitabu vya Kiurdu, Kibengali, Kipolandi na Kisomali, lakini Kiswahili sikukikuta. Nilijaribu kutafsiri nikisoma, nikamgeuza dubu kuwa mbuzi ili nimlete karibu na Tanga, mtoto akapinga kwa kuwa picha anaiona. Sasa wivu anaujua kwa Kiingereza, na akizungumza na bibi yake kwa simu maneno yanamwishia. Wewe unayejiandaa kuja na watoto, punguza kilo mbili za dagaa kwenye sanduku uweke vitabu vya hadithi. Dagaa utawapata huku, ingawa bei yao usiiulize. Na kadi ya maktaba kachukue wiki ya kwanza, usingoje mpaka yakufike.

Najua kwamba halmashauri ya jiji ilitangaza Septemba 2023 kuwa mapato yake hayatoshi kwa matumizi, na maktaba za mitaa zimo miongoni mwa yaliyopunguziwa fedha. Sheria ya maktaba ya mwaka 1964 inazilazimisha halmashauri kutoa huduma hiyo, lakini haisemi mlango uwe wazi saa ngapi. Kodi ya halmashauri, hata hivyo, haikupunguzwa, maana Aprili 2024 ilipanda kwa karibu asilimia 10, na bili yake haijawahi kukosa kufika kwangu kwa kufuata saa za huduma.

Aliyefurahi Jumatatu ile ni mwanangu peke yake, kwa kuwa dubu angekaa kwetu mpaka Jumatano. Nikamwambia Jumatano mimi niko kazini na baba yake atakuwa amelala, kwa hiyo huenda akakaa hadi wiki ijayo. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama tumtandikie mpira chini ya shuka, asije akatuharibia godoro.