Nilivyoondoa ukungu kwenye miwani ya kuzamia

Miwani mpya ndiyo yenye kero zaidi. Unainamisha uso tu kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, kioo kimeshashika ukungu, samaki unawasikia kwa wenzako. Chanzo ni utando wa silikoni uliobaki tangu kiwandani. Mvuke wa pumzi hujikusanya juu yake vitone vitone. Nilipaka dawa ya meno nyeupe, si ile ya jeli, upande wa ndani, nikasugua kwa kidole, nikasuuza, nikarudia. Kioo cha plastiki usikifanyie hivyo, kitachubuka. Siku hizi kabla ya kuzama natema mate kiooni, nayasambaza, nasuuza haraka kwa maji ya bahari. Wageni hukunja nyuso! Basi watumie shampuu ya watoto. Na pumzi usiitolee puani ovyo.