Kompresa kuukuu: anza na maji yaliyomo ndani ya tangi

Kompresa ya zamani, yaani mashine ya kubana upepo, haifi kwa sababu ya mota. Mota husukwa upya, ringi za pistoni na gasketi zinatafutwa Kariakoo au Gerezani, mkanda ni kazi ya dakika kumi. Kinachoimaliza ni tangi, na tangi huliwa kwa ndani, usikopaona.

Maji yanayolila yanatoka hewani. Siku ya kawaida ya Dar, joto nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, mita moja ya ujazo ya hewa imebeba gramu 24 hivi za maji. Tangi la lita 50 likijaa hadi presha ya baa 8 limeshameza lita 450 za hewa ya nje, yaani gramu 11 za maji. Upepo uliobanwa humo, ukishapoa, hauwezi kushika zaidi ya gramu moja na nusu. Zilizobaki zinadondoka chini: karibu vijiko viwili vya chai kila unapojaza tangi tupu. Kwa wakazi wa Kigamboni au Msasani ongeza chumvi ya bahari, inayokula bati kwa nje, hasa pale miguu ilipochomelewa.

Kwa hiyo fungua koki ya chini kila umalizapo kazi, presha ikiwa imeshuka hadi baa 1 au 2, tangi limeinama kidogo upande wa koki. Yatatoka maji ya rangi ya chai, mara nyingine na utando wa oili. Ngoja mpaka utoke upepo mkavu, kisha acha koki wazi hadi siku nyingine. Kama imeganda kwa kutu, usiilazimishe kwa spana tangi likiwa na upepo. Zima, chomoa umeme, toa upepo wote mpaka geji isome sifuri, vuta na ringi ya valvu ya usalama kuhakikisha, ndipo uitoe koki na kuweka mpya yenye tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Maji yakitoka na magamba ya kutu, peleka tangi likapimwe kwa maji: linajazwa pomoni bila hewa kubaki, linasukumwa kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, yaani baa 12 kwa tangi la baa 8. Maji hayabanwi kama hewa, ndiyo maana bati likishindwa linavuja tu badala ya kulipuka. Likitoboka hata kitundu cha sindano, usikubali lichomelewe. Bati lote la chini limeshakuwa jembamba, na kiraka kinaziba tundu moja tu. Funga kichwa (sehemu yenye pistoni) na mota kwenye tangi jingine zima. Valvu ya usalama nayo ivutwe mara moja kwa mwezi tangi likiwa na presha. Isiyofunguka au isiyorudi hubadilishwa, wala haizibwi kwa bolti.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, wengi hukimbilia kapasita inayoisaidia kuanza. Kwanza angalia ekstensheni: waya mwembamba na mrefu hushusha umeme wakati mota inapotaka kuanza. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, au chomeka moja kwa moja ukutani na urefushe mpira wa upepo. Kisha sikiliza swichi ya presha. Mashine ikizima, mlio wa "fss" wa sekunde mbili tatu ni sawa. Ukiendelea bila kukoma, valvu inayozuia upepo kurudi imechoka, na pistoni inaanza kazi ikiwa imebanwa na upepo wa tangini. Toa presha yote, ifungue, safisha kalio lake, badilisha kiraba.

Tangi likichelewa kujaa, toa chujio la hewa na usogeze kiganja kwenye mdomo wa kuvuta hewa mashine ikiwa inafanya kazi. Inatakiwa kuvuta tu. Ukihisi inakupulizia kiganjani, kibati cha valvu ya kuvuta kimepinda au kimeshika masizi. Kama inavuta vizuri, paka povu la sabuni kwenye viungio vyote kabla hujashuku ringi za pistoni.

Oili iwe ya kompresa, namba 100, hadi katikati ya kijidirisha cha kuonea oili, na ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka. Oili ya gari ina sabuni zinazoshikilia maji na kuacha masizi kwenye valvu. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia: imwage ingali ya moto. Mkanda ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ushuke milimita 10 hadi 12.

Pima dakika linazotumia tangi kujaa kutoka sifuri leo, ziandike kwa maka penye kava la mkanda, na upime tena kila baada ya miezi mitatu.